Ulilala kwa Nani?

Kijana alirudi jioni, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Siku tatu kabla alikuwa ameondoka na pikipiki ya kuazima kwenda upande wa Kitwai kukagua malisho. Wazee walikuwa wanamsubiri chini ya mgunga, nami nilikuwa nimekaa nao, maana siku hiyo nilichanja ndama wa boma lile na kazi ilikwisha mapema. Akasalimia, akafungua fundo kwenye pindo la shuka lake, akatoa konzi moja ya nyasi na kuiweka chini katikati yao.

Mzee wa kwanza alichukua bua moja akalivunja karibu na sikio, asikie linavyolia. Wa pili alifikicha jani kiganjani akanusa. Wa tatu alitafuna, akatema pembeni, asiseme kitu. Ndipo maswali yakaanza. Mvua ilipiga mara moja ikakoma, au ilirudi? Nyasi zimeota kwenye udongo mweusi au mwekundu? Kupe wapo? Maji yako wapi, na ng'ombe akitoka kunywa asubuhi atafika malishoni jua likiwa wapi? Mifugo ya nani imeshatangulia, na ni mingi kiasi gani? Kijana alijibu moja baada ya jingine bila kubabaika, na mimi daftari liko gotini, naandika kila neno. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wilayani Simanjiro, Umaasaini, lakini Kimaasai cha ng'ombe, nyasi na maji nilikuwa nimeanza kukishika, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nasikia kutwa.

Mzee mwenye boma alikuwa kimya muda wote huo. Akauliza, "Ulilala kwa nani?"

Kijana akataja boma la usiku wa kwanza, kisha la usiku wa pili.

"Huyo wa pili alikupa chai au maziwa?"

"Maziwa, baba."

"Kiangazi hiki?"

"Maziwa, baba. Kibuyu kizima."

Mzee akanyamaza kidogo, akaokota fimbo yake. "Basi tunaondoka keshokutwa."

Nilitazama daftari langu. Udongo nimeandika, kupe nimeandika, umbali wa maji nimeandika. Swali lililoamua safari sikuliandika, maana nilidhani ni baba anamuuliza mwanawe habari za njiani tu.

Mimi ni Mpare wa milimani, Same. Kwetu ng'ombe hakai mbali na jiko. Mama alikuwa na wawili, wamefungwa bandani mwaka mzima, na kila alfajiri kabla ya shule tulishuka kwenye matuta kukata majani, tukapanda nayo kichwani hadi nyumbani. Kwetu jani ndilo linalomfuata ng'ombe. Chuoni nikafundishwa jambo lilelile kwa maneno makubwa zaidi: mfugaji wa kisasa hutulia mahali pamoja, ana mifugo michache na banda bora, na kuhamahama ni tabia ambayo mtaalamu anatumwa kwenda kuitoa vichwani mwa watu. Nikafika Simanjiro nikiwa "bwana mifugo" wa kata, mkononi boksi la chanjo, kichwani somo hilo.

Neno lenyewe lilinisaidia kukosea. Kuhamahama. Kiswahili kikirudia kitenzi namna hiyo, mara nyingi kinatupa picha ya jambo lisilo na mpango: kutangatanga, kuyumbayumba, kuhangaikahangaika. Tumeliweka kwenye vitabu vya shule, kwenye hotuba na kwenye taarifa za habari, na wanaosikia wanaona watu wanaosukumwa na upepo. Tangu nihamie huku sijawahi kumsikia mfugaji akiita safari yake hivyo. Wao wanapeleka ng'ombe ronjo, halafu wanarudi nyumbani. Ronjo ni kambi ya kiangazi, ina mahali pake na watu wake, na boma la nyumbani linabaki na wazee, akina mama, watoto na ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa kwenye alalili, yaani malisho ya karibu ambayo hufungwa wakati wa mvua ili yabaki akiba ya ndama na wagonjwa.

Mwaka wa huku ukiutazama kwenye kalenda ya ofisini hauelewi. Mvua ya Simanjiro haivuki sana milimita 600 kwa mwaka, na huo ni wastani wa karatasi. Mvua yenyewe huchagua. Kijiji kimoja hulowa, cha jirani hutazama mawingu yakipita. Vuli ikija vizuri mwezi wa 11, tambarare hugeuka kijani ndani ya wiki mbili, na hapo wanakuja wageni kutoka Tarangire: nyumbu na pundamilia kwa maelfu, wanatoka hifadhini kufuata nyasi fupi za tambarare, ambazo udongo wake una fosforasi nyingi na jike anayenyonyesha anaihitaji. Mwezi wa 2 nyumbu wanazaa. Tambarare nzima inakuwa na ndama wa rangi ya kahawia wanaoyumba kwa miguu mirefu.

Na wakati huohuo, nyasi zikiwa nzuri kuliko wakati mwingine wowote, Wamaasai wanaondoa ng'ombe wao hapo na kuwaingiza vichakani.

Mwaka wangu wa kwanza niliwaona wakipita na mifugo kuelekea porini, nikasimamisha pikipiki. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anaswaga punda wenye mizigo, kwa nini wanaacha jani zuri namna ile. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mkubwa asiyejua kufunga kamba. "Bwana mifugo, nyumbu wamezaa."

Ndama wa nyumbu hubeba kirusi katika miezi mitatu au minne ya mwanzo ya maisha yake. Yeye haumwi. Ng'ombe akichunga pale alipopita, anapata homa kali, makamasi yanamtiririka, macho yanaingia ukungu mweupe, na baada ya hapo hakuna dawa, ni kifo. Kimaasai ugonjwa huo unaitwa ingati, jina lililotokana na jina la nyumbu mwenyewe, oingat. Yaani uhusiano ambao mimi niliusoma kwenye kitabu cha magonjwa, wao wameuweka ndani ya jina. Miaka ya karibuni wataalamu walijaribu chanjo yake humuhumu Simanjiro, ikapunguza maambukizi kwa karibu nusu. Ni mwanzo mzuri na ninaiombea. Lakini hadi leo kinga ambayo mfugaji anaitegemea ni miguu ya ng'ombe wake.

Kinga hiyo ina gharama, na anayeilipa kwanza ni mama. Ng'ombe wakikaa mbali miezi mitatu, maziwa yako mbali miezi mitatu. Huko vichakani kuna kupe wa ndigana kali na mbung'o, kwa hiyo kuna vifo vingine. Na tambarare inapokuwa salama tena, mwezi wa 5 au wa 6, nyumbu wamekwisha kula kilicho kizuri na kiangazi kimeshakaribia. Mtu akiniambia wafugaji hawa wanaishi kwa amani na wanyamapori, namkubalia, ila ninataka ajue nani anayefunga mkanda ili amani hiyo iwepo.

Safari ya Kitwai niliomba kwenda nayo. Niliomba kwa sababu ya chanjo, nikasema nitafuatilia hali ya mifugo njiani, na hiyo ilikuwa kweli. Kweli zaidi ni kwamba lile swali la mzee lilikuwa limenikaa.

Tulitoka alfajiri, ng'ombe wapatao 200 wa maboma matatu, mbele maksai mmoja mweupe mwenye kengele ambaye njia alikuwa ameshaizoea. Punda walibeba vibuyu, sufuria, unga wa ugali, ngozi za kulalia na ndama wawili waliozaliwa wiki ile. Siku ya kwanza ng'ombe walinywa maji kwenye lambo, siku ya pili hawakunywa. Ndivyo kiangazi kilivyo, kunywa siku moja na kuruka siku moja, na ng'ombe wa huku mwili wake umezoea. Mimi ndiye sikuwa nimezoea. Jioni ya pili midomo yangu ilikuwa imepasuka na morani mmoja alinipa kipande cha mzizi nitafune, mate yakarudi.

Usiku walikata matawi ya miiba wakazungushia ng'ombe, na kabla ya kulala, kila usiku, wawili walikwenda kwenye boma la karibu na eneo tulilosimama. Sikuelewa kwanza. Nilidhani wanatafuta chakula. Usiku wa tatu nikawafuata. Walifika, wakasalimia, wakakaa, wakaulizwa wametoka wapi, wakajieleza: ukoo, rika, baba ni nani, mama alitoka wapi. Mzee wa pale naye akajieleza. Mazungumzo hayo yalichukua zaidi ya saa nzima, na ng'ombe hawakutajwa hadi mwishoni kabisa, kama jambo dogo lililosahaulika. "Tuna mifugo kidogo hapo bondeni. Tunapita." Mzee akasema wapite, akaeleza upande ambao mtama wa mtu umeanza kuota, wauepuke. Akauliza kama mzee wetu bado anaumwa goti.

Alilijua goti la mzee wetu! Ni siku tatu za mwendo, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa njia ni kitu gani. Mimi nilikuwa nikiitafuta ardhini, kwenye vumbi lililokanyagwa. Ilikuwepo hapo pia, lakini ile ya ardhini ni alama tu ya njia nyingine, ambayo ni orodha ya watu watakaokubali upite, na kila usiku mtu anakwenda kuhakikisha kama orodha bado ni ileile.

Tulifika kisimani siku ya nne, mchana. Kisima kilikuwa kimechimbwa kwenye mchanga wa korongo, kina cha watu watatu waliosimama mmoja juu ya bega la mwenzake. Vijana walisimama ndani kwenye vidato, ndoo ikapanda mkono kwa mkono hadi juu na kumiminwa kwenye hori la udongo. Ng'ombe wetu walisikia harufu ya maji toka mbali wakaanza kulia na kukimbia. Kuwazuia ng'ombe 200 wenye kiu ya siku mbili ni kazi ya kutoa machozi. Waliwazuia. Wakawaweka mbali, upande upepo unakotoka, na mtu mmoja tu akaenda kisimani kwa miguu, mkononi ameshika jani bichi. Majani mkononi ni ishara ya amani na ya kuomba.

Kisima kile kina mwenyewe: aliyekichimba ni babu yake, na kila kiangazi yeye ndiye anayefukua mchanga uliojaa. Ng'ombe wake hunywa kwanza, kisha wa ukoo wake, kisha wengine kwa zamu. Alikuwa mtu mfupi, amekaa juu ya jiwe na simu imening'inia shingoni. Ndiye aliyekuwa ametoa kibuyu kizima cha maziwa. Akasikiliza salamu, akasikiliza habari za nyumbani, akauliza idadi. Akaambiwa. Akakaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, nikiwa nasikia ng'ombe wanavyolia. Kisha akasema tutanywesha kwa zamu ya tatu, vijana wetu watasaidia kuchota zamu zote hata zisizo zetu, na mitamba dhaifu tuilete asubuhi na ng'ombe wake.

Hakuna pesa iliyotolewa. Baadaye nilimuuliza morani mmoja wanalipa nini. Akafikiri. Akasema mwaka mvua ikikosea huku ikaangukia kwetu, watakuja, na sisi tutakaa juu ya jiwe.

Nimeeleza kisima kwa kirefu kwa sababu miaka miwili baadaye nilishiriki kukiharibu. Kisima chenyewe kipo hadi leo. Niliharibu njia ya kukifikia.

Kijiji chetu kilikuwa kinaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi. Ni jambo jema, na nililiunga mkono kwa moyo wote. Wafugaji wengi wa huku wamepoteza ardhi kwa kukosa karatasi, na historia iko wazi. Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, mto na mabwawa ambayo mifugo ilikuwa ikikimbilia kiangazi yalibaki ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Imparnati, vijiji vya kudumu Umaasaini, watu wakae pamoja karibu na barabara na shule. Baadaye wakaja wenye matrekta, mashamba makubwa ya maharage na mahindi yakakata tambarare vipande. Kwa hiyo mpango wa kijiji, wenye ramani na mhuri, ni ngao. Nilikaa kwenye kamati kama mtaalamu wa mifugo. Kazi yangu ilikuwa kuuliza wapi mnachunga, nami niliuliza. Kiangazi wapi, masika wapi, alalili iko wapi. Tukatembea na kifaa cha kupimia, tukachora.

Siku ya mwisho, karatasi kubwa imetandazwa mezani shuleni, mzee mmoja aliweka kidole kwenye ukanda wa kusini. "Na hapa?"

Nikamuuliza mnachunga hapo miezi gani. Akasema hawachungi. Wanalala usiku mmoja wakienda na usiku mmoja wakirudi.

Nikamwambia, kwa heshima, mzee, usiku mbili kwa mwaka haziwezi kufanya eneo liitwe malisho. Alinitazama, akaondoa kidole. Ukanda ule tukaupaka rangi ya njano, rangi ya kilimo. Niliupaka mimi, kwa mkono wangu.

Baada ya misimu miwili ukanda ukagawiwa, ukakodishwa, ukalimwa. Mwenye shamba alifuata utaratibu wote, sina la kumlaumu. Mwezi wa 8 ng'ombe wakafika jioni kama kawaida yao, maksai mweupe mbele, wakakuta uzio wa miiba na nyuma yake maharage. Vijana waliokuwa nao walikuwa wawili tu na giza limeingia. Walijaribu kuwapitisha pembeni. Asubuhi ng'ombe zaidi ya 60 walikuwa shambani. Wakakamatwa, wakafungiwa zizini siku mbili bila maji wakati watu wakibishana kuhusu faini, na hiyo ilikuwa siku yao ya kunywa, kwa hiyo hesabu yake ni siku tatu. Wanne walikufa. Yule maksai mweupe hakufa, aliuzwa kulipia faini.

Hakuna aliyenilaumu. Nilikwenda kwa mzee kumpa pole, akanikaribisha chai. Nikamwambia ile njano niliipaka mimi. Akasema anajua, alikuwepo.

Tangu siku hiyo nimebadilisha swali. Nikiitwa kwenye kamati ya ardhi sianzi na wapi mnachunga. Naanza na mnalala wapi, mnalala kwa nani, na nani analala kwenu. Majibu yanatoa ramani nyingine kabisa: nyembamba, ndefu, inavuka mpaka wa kijiji, wa kata, wakati mwingine wa wilaya na mkoa. Ni ramani inayosumbua, maana mipango yetu imejengwa kijiji kimoja kimoja na mvua haijui vijiji.

Wapo waliolitambua hili mapema kuliko mimi, na kwa vitendo. Kule Terrat, mwaka 2005, kijiji kilikubaliana na kampuni za utalii ziwalipe kila mwaka ili tambarare isilimwe, ng'ombe wachunge na nyumbu wazae. Edward Loure, mzaliwa wa Simanjiro ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa walioondolewa Tarangire mwaka 1970, amefanya kazi na shirika la Ujamaa Community Resource Team (UCRT) kupata hati za hakimiliki ya kimila zinazotolewa kwa jamii nzima, badala ya kumpa mtu mmojammoja kipande chake. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kazi hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa imelinda zaidi ya ekari 200,000. Na Kiteto, wilaya ya jirani, vijiji vinavyopakana vimekaa pamoja na kuweka malisho yao kwenye mpango mmoja unaovuka mipaka yao. Hilo la Kiteto ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu ni mara ya kwanza nimeona karatasi ya serikali inayofanana na mazungumzo ya usiku ule bomani.

Watu wa Kajiado, Kenya, wana undugu mwingi na watu wa huku. Huko ranchi za pamoja ziligawanywa viwanja, kila mtu na hati yake. Ndugu mmoja alikuja msibani akawa anatueleza: zamani ukitaka kupita ulimwomba mzee mmoja na alitosha. Siku hizi kuna wenye hati arobaini, nusu yao wanaishi Nairobi, na waya haujui kusalimia.

Lakini kuna upande mwingine wa jambo hili ambao nisipousema nitakuwa nimeficha nusu. Ng'ombe akifukuzwa kwenye njia yake hafi hapohapo. Anaenda mbali zaidi. Wafugaji kutoka kaskazini na kutoka kanda ya ziwa wamefika Kilosa, Kilombero, Usangu, Rufiji, Lindi, mahali ambako hakuna anayewajua na wao hawamjui mtu. Hakuna wa kuuliza goti la nani linauma. Mahali pa salamu panachukuliwa na pesa: mfugaji anampa kiongozi mmoja kitu kidogo, anaambiwa karibu, na mkulima anaamka asubuhi anakuta mahindi yake yameliwa na ng'ombe wa watu ambao hakuwahi kuombwa na mtu awapokee. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Waliouawa ni wakulima, wengine watoto. Nikisikia watu wakieleza mauaji yale kwamba Wamaasai na wakulima ni maadui wa asili, nakumbuka yule mzee aliyetuonyesha upande ambao mtama umeota. Mtama ule ulikuwa wa mkulima, na ng'ombe wetu waliuzunguka kwa kuwa mtu alituambia ni wa nani.

Kiangazi cha mwisho wa 2021 kuingia 2022 ndicho kilichonivunja moyo kuliko vyote. Vuli haikuja. Simanjiro ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi, mizoga ikawa kando ya kila barabara na harufu ikaingia hadi madarasani. Ng'ombe waliuzwa kwa bei ya mbuzi na bado wanunuzi wakachagua. Nilizunguka na dawa ambazo hazikuwa na kazi, maana njaa haina sindano. Akina mama walikuwa wakiwainua ng'ombe asubuhi, wawili mkiani na wawili kwenye pembe, wakiwalisha maganda ya mgunga na makatoni yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi. Niliona mama mmoja akimfunika ng'ombe wake kwa blanketi la mtoto.

Lile boma la mzee lilipoteza karibu theluthi ya ng'ombe. Wengine walipoteza wote. Tofauti, nilivyoiona mimi, haikuwa wingi wa mifugo wala akili ya mchungaji. Simu zilipigwa mapema. Kijana yuleyule, sasa ana watoto watatu, alikaa juu ya kichuguu ambako mtandao unapatikana, akapiga boma baada ya boma kwenye ile orodha, akijieleza upya kila mara, baba wa fulani anaendeleaje, mvua huko imekaaje. Sehemu kubwa walisema hawana kitu. Wawili walisema leteni kidogo. Wakagawa ng'ombe makundi matatu, wakayapeleka pande tatu.

Mpango wetu wa ardhi ulipofika wakati wa kupitiwa upya nilisimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji nikaeleza habari ya rangi ya njano, mbele ya watu wote. Tulipata mapito, membamba kuliko ya zamani, yanapinda pale yalipokuwa yamenyooka. Kwenye ramani yana jina lake sasa, mapito ya mifugo, na pembeni kuna alama tatu ndogo za mahali pa kulala. Ofisi moja iliniuliza hizo alama ni za nini. Niliandika maelezo kurasa mbili.

Mwaka jana vuli ilifanya ukaidi wake. Ilipiga kwetu vizuri na kuwaruka Kitwai. Nilikuwa bomani kwa mzee siku hiyo, naangalia hereni za ndama tuliowachanja ndigana, pikipiki ikaingia na kijana nisiyemjua, vumbi hadi kwenye kope. Akasalimia. Akakaa. Akaeleza ukoo wake, baba yake, mama yake alikotoka. Mzee sasa haoni vizuri, akawa amemgeuzia sikio. Wakaongea habari za mvua, za watoto, za bei ya mahindi, za yule mtu mfupi wa kisimani, ambaye kumbe ni babu yake na amefariki.

Kijana akasema, "Tuna mifugo kidogo, babu."

"Mingapi?"

Akataja. Haikuwa kidogo. Vijana wa boma waliguna, na mmoja akasema kwa sauti kwamba alalili haitatosha hata ndama wetu. Mzee akanyoosha mkono kumnyamazisha, akauliza njiani alilala kwa nani, na wakati kijana anataja, mama wa boma alikuwa ameshainama kutoka nyumbani na kibuyu. Jioni hiyo walikubaliana upande wa mashariki tu, alalili isiguswe, na siku za kunywesha zipangwe upya. Idadi ya ng'ombe walikuwa bado wanaibishania nilipowasha pikipiki kurudi kituoni.